Kabla ya Kuhesabu Matundu, Niambie Ulikata Wapi

Mwamba uliopigwa eksirei hutoka kwenye skana ukiwa kijivu kitupu. Mchemraba wa vokseli (vijimchemraba vidogo vinavyounda picha ya pande tatu) 1000 kila upande una vokseli bilioni 1, na mara nyingi kila moja hupewa namba kuanzia 0, giza kabisa, hadi 255, mwanga kabisa. Uwazi uko upande wa giza, madini yako upande wa mwanga. Kesi iko katikati, kwa vokseli zilizokaa mpakani: nusu jiwe, nusu hewa, hazijulikani ziko upande gani.

Sisi tunaotoa mitandao ya matundu kwenye picha hizi, yaani ramani za vyumba vya uwazi na njia zinazoviunganisha, hupenda kubishana kuhusu algorithimu. Kuna wanaopuliza tufe ndani ya uwazi hadi liguse ukuta, njia ya Silin na Patzek ambayo Dong na Blunt waliiendeleza mwaka 2009. Kuna wa njia iitwayo SNOW, ya Gostick ya mwaka 2017, inayogawa uwazi kama maji yanavyojaza mabonde hadi yakutane mgongoni mwa kilima. Ubishi huo naupenda. Ila tunapoufikia, mengi yameshaamuliwa na yule aliyechagua kizingiti, namba ambayo chini yake tunasema uwazi na juu yake tunasema jiwe.

Chukua shingo moja tu, ile njia nyembamba inayounganisha tundu na tundu. Upana wake ni vokseli 10. Sogeza kizingiti kidogo, jiwe linakula vokseli moja kila upande, zinabaki 8. Ukiangalia picha huoni tofauti. Lakini mtiririko ndani ya mrija hufuata kipenyo kwa kipeo cha 4, kwa hiyo kwa msukumo uleule shingo hiyo sasa inapitisha asilimia 41 ya ilichokuwa ikipitisha. Shingo ya vokseli 3 ikibaki na 1, inapitisha sehemu moja kati ya 81. Ya vokseli 2 inaziba, na matundu yaliyokuwa majirani hayafahamiani tena. Niliwahi kusogeza kizingiti viwango 3 vya kijivu na njia ya maji iliyovuka sampuli nzima ikapotea. Algorithimu haikulalamika. Ilinipa mtandao mzuri tu, wenye takwimu zake.

Halafu kuna nyufa. Ufa ni bapa kama karatasi, hauna chumba wala shingo, lakini programu itaukatakata vipande na kuviita matundu, kwa sababu ndicho inachojua. Mtafiti Fatt alipotumia mitandao ya vikinza vya umeme mwaka 1956 kuwakilisha mwamba, hakuna aliyedhani ndani ya jiwe kuna nyaya. Siku hizi mtandao umetoka kwenye picha halisi, basi tunausahau ukweli huo mdogo, kwamba mtandao ni mfano tu.

Utaambiwa: mbona upenyevu, yaani wepesi wa maji kupita ndani ya mwamba, uliokokotolewa unalingana na uliopimwa maabara? Sawa, lakini upenyevu ni namba moja. Shingo zilizopanuka kimakosa zinaweza kufidia zilizozibika, hesabu ikatoka safi juu ya mtandao mbovu. Ukijaribu kusukuma mafuta na maji kwa pamoja ndani yake, hapo ndipo unapoumbuka.

Kwa hiyo anayechapisha mtandao naomba achapishe pia picha ya kijivu na kizingiti alichotumia. Faili ya matundu na shingo pekee hainisaidii kitu.

Mimi siku hizi kwa kila sampuli natoa mitandao mitatu: kizingiti cha chini kidogo, cha kati, cha juu kidogo. Kwenye mwamba wa mchanga wenye chembe kubwa safi, mitatu hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Kwenye chokaa yenye vitundu vidogo kuliko vokseli yenyewe, upenyevu wa kwanza na wa tatu huachana mno, hadi ile namba ya katikati naona haya kuiandika peke yake.