Pepesa Macho, Mzee Wangu

Jana saa nne asubuhi, mimi, fundi cherehani wa miaka 61, baba wa watoto watano na mhazini wa kamati tatu za harusi, niliandikiwa na simu yangu mwenyewe maneno matano: “Samahani, hukidhi vigezo kwa sasa.” Havikutajwa ni vigezo gani, wala hiyo “sasa” inaanza lini na kwisha lini. Nilikuwa nimeomba, kwenye programu ya simu ya kampuni moja ya mikopo, shilingi 120,000 za kununulia mota ya cherehani, kwa kuwa ile ya zamani ilitoa moshi siku ya Jumatatu wakati vitenge 22 vya sare ya kamati vikiwa vimeshakatwa, na bibi harusi wa Jumamosi si mtu wa kupewa maelezo ya kiufundi.

Ningependa ieleweke kwamba kunyimwa mkopo si jambo geni kwangu. Nimenyimwa na shemeji, nimenyimwa na saccos, nimenyimwa na mwenye duka la vifungo ambaye nilimshonea suti ya ndoa zake zote mbili. Lakini hao wote walikuwa na nyuso. Mtu alikunyima, ukamjua, ukamnunia, na siku alipoleta suruali yake ipunguzwe kiuno ukaipunguza kwa kiasi cha kumkumbusha. Huyu aliyeninyima jana nimpunguzie nini?

Na kwa kuwa nimetaja nyuso, niseme kwamba kabla ya kunikataa, programu hiyo ilitaka kwanza ihakikishe kuwa mimi ni mimi. Niliamriwa niweke uso ndani ya duara, nikauweka, nikajibiwa: “Uso hauonekani. Sogea penye mwanga.” Kibandani umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, jambo lisilohitaji maelezo, kwa hiyo nikatoka hadi barazani. “Uso hauonekani.” Nikavua kofia. Nikavua miwani, na kwa kuwa bila miwani sisomi hata jina langu, ikabidi mwanafunzi wangu wa ushonaji anisomee amri za simu. Kijana huyo aliwahi kuwa konda wa daladala za Rangi Tatu, na sauti yake haijaacha kazi ile. Akawa anatangaza kwa barabara nzima: “Sogea mbele! Geuka kushoto! Fungua mdomo!” Waendesha bodaboda wa kijiweni wakaacha abiria wao wakaja kushuhudia.

Nimeishi na uso huu miaka 61, na katika muda wote huo hakuna mdai hata mmoja aliyewahi kushindwa kuuona, hata nilipokuwa nimeinama nyuma ya majora ya vitambaa. Jana umeshindikana kuonekana mchana kweupe. Mmoja wa wale vijana alisema kioo cha simu kina mafuta ya chapati. Mwingine alisema mzee ameungua jua mno. Wa tatu, ambaye alifika kidato cha sita kabla ya kununua pikipiki, alieleza kwa utulivu kwamba mashine hizi zilifundishwa kwa picha za Wazungu, na kwamba tusimwonee mzee. Mama ntilie akasikia neno Wazungu, akaja na bakuli la unga wa ngano. Nilimkatalia kwa heshima zote za umri wangu. Nisiwafiche: baadaye nilijipaka kidogo, kwenye paji la uso tu.

Hapo ndipo duara lilipogeuka kijani. “Uso umeonekana,” alitangaza konda wangu, na watu wakapiga makofi. “Pepesa macho!” Nikapepesa. “Pepesa macho!” Nikapepesa tena, mara nyingi, mpaka machozi yakaanza kutengeneza uji kwenye unga. “Pepesa macho!” Yule kijana wa kidato cha sita akaja nyuma yangu, akachungulia simu, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeleta habari za msiba: “Si wewe, mzee wangu. Inamwambia yule.” Nyuma yangu, mlangoni kwa jirani anayeuza magauni ya mtumba, lilikuwa limesimama sanamu la plastiki la kuvalishia nguo, jeupe kama chokaa, lisilo na nywele wala mkono wa kushoto. Uso wake ndio uliokuwa ndani ya duara. Nakiri kwamba tulinyamaza kidogo, watu wazima kumi na mmoja, tukalitazama sanamu, tukisubiri.

Lilipoonekana wazi kuwa halitapepesa, lilibebwa ndani kwa ridhaa ya mwenyewe, aliyetoza shilingi 500 za usumbufu, na bodaboda mmoja akafungua kioo cha pembeni cha pikipiki yake akanimulika usoni kwa jua mpaka nikatambuliwa. Hata dakika moja haikupita kabla ya yale maneno matano kuwasili. Kumbe ilinitafuta kwa bidii yote ile ili initazame vizuri na kunikataa.

Mchana huohuo nilimsimulia mtoto wa kaka yangu, anayesoma sheria chuo kikuu, nikitarajia acheke, lakini hakucheka. Aliniambia, “Baba mdogo, hilo linajulikana.” Akanieleza habari za binti mmoja mtafiti wa Marekani mwenye asili ya Ghana, Joy Buolamwini, ambaye akiwa katika chuo cha MIT kamera ya kompyuta ilikataa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walipima mifumo mitatu ya kibiashara iliyodai kumtambua mwanamke na mwanamume kwa uso. Kwa wanaume weupe kosa kubwa zaidi halikufika hata asilimia moja, lakini kwa wanawake weusi mfumo mmojawapo ulikosea kwa asilimia 34.7. Sikujua kama nifurahi kwamba unga wa mama ntilie una msingi wa kitaaluma au nisikitike kwamba jambo limejulikana tangu 2018 na bado mimi nasimama barazani namulikwa kwa kioo cha pikipiki.

Kitu chenyewe, yaani mashine kufundishwa kutambua na kuamua kama mtu, kinaitwa akili unde. Wengine husema akili bandia, na wengine akili mnemba, ambayo kwa muda mrefu nilidhani ni akili za watu wa kile kisiwa cha Mnemba kule Unguja, wanakokwenda watalii kuogelea. Majina matatu kwa mtu mmoja, na katika mtaa wetu mtu mwenye majina matatu huwa anakimbia deni.

Kabla ya kwenda mjini niliwasiliana na msaidizi pepe wa kampuni, yaani mashine ya kujibu meseji, mwenye jina la kike na adabu za kutisha. Nilimwandikia, “Nimekataliwa kwa nini?” Akanijibu kwamba amefurahi sana kusikia hivyo, na kwamba ili kukopa nibonyeze moja. Nasikia adabu hizi nazo zina walimu wao: Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba mashine moja maarufu ya Marekani ya kuongea ilisafishwa kinywa kwa msaada wa vijana wa Nairobi, waliokuwa wakisoma matusi na unyama siku nzima ili wauwekee alama, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Tangu nisikie hivyo, kila nikiambiwa “samahani” na simu namwonea huruma mtu nisiyemjua.

Ofisini nilipokelewa vizuri. Binti wa dirishani aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akatazama kompyuta yake kwa muda wa kutosha kupika wali.

“Baba, mfumo umekataa.”

“Umekataa kwa sababu gani, mwanangu?”

“Huwa hausemi, baba.”

“Nani aliuambia ukatae?”

“Hakuna, baba. Unajiamulia wenyewe.”

“Na wewe huwezi kuuambia ukubali?”

“Mimi nauangalia tu.”

“Je, kuna mkubwa anayeweza kuuambia?”

Akafikiri kidogo, kisha akasema meneja naye huuangalia, ila yeye huuangalia akiwa ghorofani.

Basi nikatoa silaha niliyopewa na mwanasheria wangu wa mwaka wa pili. Nilimweleza, kwa Kiswahili nilichokiandaa kwenye daladala, kwamba nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwamba sheria hiyo inanipa haki ya kudai uamuzi mzito unaonihusu usifanywe na mashine peke yake, na kwamba iko Tume kabisa ya kusimamia mambo haya. Alinisikiliza kwa makini. Aliniuliza kama nimekuja na sheria yenyewe au ninayo kichwani tu. Kisha akainama kwenye kompyuta yake, akapekua, akainua uso akiwa na masikitiko ya kweli: “Baba, mbona haimo kwenye mfumo?”

Simlaumu. Hata yeye siku moja mfumo utamwambia hakidhi vigezo, na hatakuwepo mtu dirishani wa kumwita dada.

Nadharia za kwa nini nimekataliwa ziko nyingi kijiweni. Wanasema mashine hutazama miamala, meseji na orodha ya unaowapigia, na kwamba mimi kwa tabia yangu ya kuweka vocha ya 500 na kubipu naonekana mtu asiye na mwelekeo. Kama ni kweli, ningeomba nihojiwe, kwani ninaobipu ni wanangu, na kubipu mtoto uliyemsomesha si umaskini, ni urejeshaji wa mtaji. Jambo hilo mashine ingelijuaje pasipo kuuliza? Afadhali hata hivyo kukataliwa kuliko yaliyompata dada yangu kwa wale wa kausha damu wa simuni, waliomkopesha 50,000 na alipochelewa siku mbili wakawatumia meseji watu wote waliomo kwenye simu yake, akiwemo mkwe na imamu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Mkwe hajasahau.

Mtoto wa kaka yangu ananituliza kwa kunihesabia mikutano. Mwaka 2021, anasema, nchi wanachama 193 wa UNESCO walikubaliana juu ya maadili ya akili unde. Novemba 2023 wakubwa walikutana Bletchley huko Uingereza. Julai 2024 Umoja wa Afrika ukapitisha mkakati wa bara zima, na mwezi uliofuata sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili unde ikapata nguvu, ambayo imeiweka mashine ya kupima kama mtu anakopesheka katika kundi la hatari kubwa, lenye kutakiwa kuwa na binadamu wa kuisimamia. Februari 2025 wakakutana Paris, wakatoa tamko la akili unde jumuishi, ambalo Marekani na Uingereza zilikataa kulitia saini. Aprili wakahamia Kigali.

Nilimuuliza “jumuishi” maana yake nini. Akasema ni kila anayeguswa na jambo kushirikishwa katika kuliamua.

Hapo nilichukia, na naomba mnisamehe kwa kupandisha sauti. Mimi ni mhazini wa kamati tatu, najua taratibu za sherehe. Kwetu hapa mtu akichanga hupewa kadi, ya singo au ya dabo kulingana na mfuko wake, na asipopewa kadi hurudishiwa mchango wake au mnakosana maisha. Sasa sisi mchango tumetoa. Tumetoa nyuso kwa kila pembe na mdomo wazi, tumetoa alama za vidole, tumetoa meseji zetu na namba za wakwe, tumetoa hata sauti, kwa kuwa kila ukipiga simu unaambiwa inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma. Wametoa wale vijana wa Nairobi saa zao. Kadi iko wapi? Ni nani wa Mbagala aliyeketi hata kwenye viti vya plastiki vya nyuma, akaulizwa fundi cherehani apimwe kwa kipimo gani? Hata mkutano wa serikali ya mtaa, ambao huamua juu ya mtaro mmoja tu, hupita na kipaza sauti kututangazia, na tusipokwenda kosa ni letu. Hawa wameamua juu ya uso wangu bila hata kipaza sauti.

Mota nimenunua. Nilikwenda kwa Mangi wa dukani, ambaye aliniuliza maswali saba, moja likiwa la aibu, akanipa 120,000 na kuniandika kwenye daftari lake lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nilipochungulia nikaona ameandika 125,000. Nikamwuliza, akanitazama, nikamtazama, akalamba kidole akafuta, karatasi ikatoboka, na sasa deni langu lina tundu ambalo kila mmoja wetu analisoma kwa namna yake.

Kwa hiyo tangu jana usiku nashona. Leo mama mwenyekiti wa kamati amekuja kujaribu gauni lake, na kiuno alichonipa mwezi Juni si kiuno alichokuja nacho. Nilipomwambia kwa lugha ya staha, akasema tepu yangu ndiyo ina kasoro. Nimeazima tepu ya jirani, yule mwenye sanamu, ikatoa inchi zilezile, na sasa anataka nikatafute ya tatu.