Wapiga dawa wapimwe damu kabla ya msimu

Tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie Tanzania mwaka 2014, mashamba ya nyanya ya Ngarenanyuki, mkoani Arusha, yamekuwa yakipigwa dawa kwa wingi, mara nyingine dawa mbili tatu zikichanganywa kwenye bomba moja. Kijana anayebeba bomba hilo hupelekwa hospitali mate yakishamtoka, mboni zikishasinyaa na misuli ikishaanza kucheza yenyewe. Kwa maoni yangu huko ni kuchelewa mno. Ubongo huweza kuumia kabla ya dalili hizo, na kipimo cha damu cha kutuonya kipo.

Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mitokondria za seli huitumia kutengeneza nishati, na sehemu ndogo huponyoka ikiwa radikali huru, zinazonyang'anya elektroni chochote kilicho karibu. Glutathioni, kemikali ya kinga inayotengenezwa na mwili, na vimeng'enya huzituliza. Zikizidi ulinzi huo, ndipo wataalamu husema kuna mkazo wa oksidesheni. Ubongo hauna akiba kubwa ya ulinzi kama ini, na tando za seli zake zimejaa mafuta yanayooksidika upesi. Radikali moja ikiyashambulia huzaa nyingine, na uharibifu husambaa.

Dawa za wadudu za oganofosfati, kama profenofosi na klopirifosi, huleta mkazo huo kwa hatua. Hufunga kolinesterasi, kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya neva. Asetilikolini ikarundikana, seli za neva zikasisimka bila kupumzika, kalsiamu ikamiminika ndani. Mitokondria zikielemewa na kalsiamu hutoa radikali nyingi kuliko glutathioni iliyopo. Parakwati, ya kuua magugu, haihitaji mlolongo huo. Hupokea elektroni ndani ya seli, huikabidhi oksijeni, kisha hurudi ilivyokuwa na kuanza tena, mara nyingi mno. Ndiyo maana daktari hakimbilii kumpa oksijeni mtu aliyekunywa parakwati: humzidishia madhara, hasa kwenye mapafu.

Maziwa hayakati sumu hizi. Kwa mpiga dawa, nyingi hupita kwenye ngozi, kwa hiyo kikombe cha maziwa jioni hakizifikii. Vidonge vya kuondoa sumu mwilini navyo sivipendekezi. Wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo ambao mkazo wa oksidesheni umo ndani yake, walipewa vitamini E yuniti 2,000 kwa siku katika jaribio la DATATOP huko Marekani na Kanada. Matokeo ya mwaka 1993 yalionyesha kuwa haikupunguza kasi ya ugonjwa. Kazi yote iko kabla sumu haijaingia.

Anza na bomba. Lijaze maji matupu, pampu mpaka presha ipande, kisha kagua kifuniko, maungio ya mpira na kishikio. Kinachodondosha kibadilishiwe washa (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) kabla dawa haijaguswa. Linalovuja kifunikoni hulowesha mgongo, maji yakateremka hadi kwenye nyonga, na ngozi ya korodani hupitisha dawa kwa kasi kubwa kuliko ya mkono. Glavu za kitambaa ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, maana hunyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi. Tumia za nitrili. Kwenye lebo tafuta namba ya kundi la dawa, 1B kwa oganofosfati na 1A kwa kabameti: dawa mbili za 1B, au 1A na 1B, zisichanganywe kamwe. Zote hufunga kolinesterasi, hivyo mdudu hashambuliwi kwa njia mpya, ila mpiga dawa anabeba mzigo maradufu.

Sasa kipimo chenyewe, cha kolinesterasi iliyo kwenye damu. Kiwango cha kolinesterasi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo mtu anaweza kushuka kwa theluthi moja na karatasi ya maabara bado ikasema yuko sawa. Lazima apimwe kwanza akiwa amekaa walau siku 30 bila kugusa dawa hizi, kisha alinganishwe na nafsi yake katikati ya msimu. California hufanya hivyo: akishuka chini ya asilimia 80 ya kiwango chake, utaratibu wa kazi hukaguliwa, ikifika 70 kwenye chembe nyekundu, au 60 kwenye plazma (majimaji ya damu), huondolewa kwenye dawa. Kipimo hiki hakioni parakwati wala pareto za viwandani, na hakipimi radikali zenyewe. Hata hivyo, kinanasa kundi linaloangusha watu wengi.

TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Ngaramtoni, inasimamia viuatilifu na ingefaa iliweke hili kuwa sharti kwa mashamba yanayoajiri wapiga dawa. Gharama abebe mwenye shamba. Na aliyeshuka asirudishwe nyumbani bila ujira. Apewe kupanga kreti au kazi nyingine mbali na dawa, mpaka damu yake irudi asilimia 80.