Alama 1200 za SAT na hela ya ada: mzigo anaubeba nani?

Mjadala wa SAT Marekani, ule mtihani wa kusoma na hesabu ambao wanafunzi wa haiskuli wanaufanya kabla ya chuo, siku zote unaishia kwenye kuingia chuo. Chuo cha MIT wamerudisha sharti la mtihani 2022, vyuo vya Dartmouth na Harvard 2024, watu wanabishana hapohapo. Lakini Harvard na wenzake hawatoi ufadhili kwa sababu ya alama, wanaangalia kipato cha nyumbani basi. Alama zinageuka hela kwenye vyuo vya majimbo, na huko ndo waliko watoto wetu wengi walio Marekani.

Chukua Georgia. HOPE, ufadhili wa jimbo wa kulipia chuo, ilianza 1993, inalipwa na bahati nasibu ya jimbo, ukimaliza haiskuli na GPA (wastani wa alama za darasani, juu ni 4.0) ya 3.0 unapata, SAT huulizwi. 2011 hela ikawa haitoshi, ndo wakagawa mafungu, HOPE ikawa inalipa sehemu tu ya ada, alafu juu yake wakaweka ufadhili mwingine, Zell Miller, unaolipa ada yote, ila hiyo inataka GPA 3.7 na SAT 1200. Ikaenda hivyo mpaka 2023 HOPE iliporudishwa kulipa ada nzima. Yaani miaka kama 12 mtoto mwenye 3.9 na SAT 1180 kwao walikuwa wanajikamua kuongezea, na mwenzake wa darasa hilohilo mwenye 3.7 na 1200 halipi hata senti ya ada. Tofauti yao ni maswali mawili matatu! Na tiketi za bahati nasibu wanaozinunua sana ni watu wa kipato cha chini, wakati Zell ilijaa watoto wa wenye uwezo. Hilo linauma.

Sasa njoo Clarkston, mji mdogo jirani na Atlanta wenye wakimbizi wengi. Binti kazaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nyumbani Kibembe, nje Kiswahili, Kiingereza kaanza kukisoma sawasawa akiwa na miaka 13. Sehemu ya kusoma ya SAT inampa maswali 27 kwa dakika 32, alafu mengine 27 kwa dakika 32 tena, na karibu kila swali lina kifungu chake, hapa utafiti wa wadudu, pale shairi la karne ya 19, kila kimoja sekunde kama 71. Hesabu anaweza kuzipiga vizuri tu, lakini alama zinajumlishwa, kusoma kunamvuta chini ya 1200 na hakuna anayeuliza ametoka wapi.

Ila wanaosema mtihani ufutwe kabisa siko nao. A ya shule moja sio A ya shule nyingine, walimu wanapandisha alama, na kuna watoto wanaingia chuo na HOPE alafu wanaipoteza kwa sababu lazima GPA ibaki 3.0 na msingi haukuwepo. Mtihani ungewaambia mapema. Pia ukiutoa, kinachobaki ni insha zilizopitiwa na mshauri wa kulipwa, violini, klabu za gharama, vitu ambavyo huyo binti hana kabisa. SAT angalau familia ya kipato cha chini inafanya mara mbili bure, na mazoezi ya mtandaoni ya Khan Academy ni bure tangu 2015. Dartmouth wenyewe walipochunguza wakakuta waombaji wa familia duni walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia.

Kwa hiyo mimi shida naiona kwenye ule mstari wa 1200. Alama imuongezee mtoto, isimnyang'anye alichokipata darasani kwa miaka minne. Georgia mlango wanao tayari: anayeongoza shule yake na anayemfuata wanapata Zell bila kufikisha 1200. Kwa nini wawili tu? Texas tangu 1997 wana sheria ya kuwapokea kwenye vyuo vingi vya jimbo wanaoongoza kila shule, asilimia 10 ya juu, na anayetoka shule ya kijijini anapita kama wa mjini. Weka hiyo kwenye hela pia. Na isisemwe kwamba Georgia yameisha, 1200 bado ipo kwenye masharti ya Zell na bahati nasibu ikipungua tena tunajua nani atakatwa kwanza.

Mzazi mwenye mtoto darasa la 11, usingoje sheria ibadilike, nenda kwa mshauri wa shule ukaombe msamaha wa ada ya SAT wiki hii. Afanye ya kwanza Machi, ya pili Agosti kabla darasa la 12 halijakolea.