Kipima oksijeni kimesema 94, lakini mgonjwa anahema

Tangu enzi za Uviko-19, kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kimeaminika mno wodini na hata majumbani. Namba ikisoma 94, yaani damu imebeba asilimia 94 ya oksijeni inayoweza kubeba, ndugu wanashusha pumzi. Kinachonisumbua ni kwamba tunaisoma kana kwamba imetoka kwenye damu moja kwa moja.

Haikutoka huko. Kifaa hupitisha kidoleni mwanga wa aina mbili, mwekundu wa nanomita 660 hivi na infraredi wa 940, kikaangalia kila mmoja umefyonzwa kiasi gani damu inapopiga, kisha kikatafuta jibu kwenye jedwali la kiwandani. Jedwali hilo lilipatikana kwa watu wazima wenye afya njema waliovutishwa hewa yenye oksijeni kidogo huku damu yao ya ateri, ile mishipa inayotoa damu moyoni, ikipimwa maabara. Kwa miaka mingi, wengi wao walikuwa weupe.

Kipimo hukosea kwa namna tofauti. Mgonjwa akitetemeka au vidole vikiwa vya baridi, namba inayumba na unaiona inayumba. Unampasha mkono joto, unahamia kidole kisicho na piko wala rangi ya kucha, unarudia. Kosa linaloegemea upande mmoja ni balaa nyingine. Pima mara kumi, litakudanganya mara kumi, tena kwa namba zinazofanana hadi uzidi kuliamini.

Ndilo linalotukuta sisi wenye ngozi nyeusi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha vifaa hivi na vipimo vya damu ya ateri. Kifaa kiliposoma kati ya 92 na 96, karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilionyesha oksijeni halisi iko chini ya 88. Kwa weupe haikufika asilimia 4.

Hospitali yenye mashine ya gesi za damu, inayopima oksijeni kwenye damu yenyewe, inaweza kuhakiki. Zahanati zetu nyingi hazina. Ndiyo maana nasema mtoto ambaye mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi asirudishwe nyumbani eti kwa sababu kidole kimesoma 93. Na wizara zinaponunua vifaa hivi, swali la kwanza kwa muuzaji liwe: vilijaribiwa kwa watu weusi wangapi, na matokeo yako wapi? Asiye na jibu asipewe tenda.