Kilimo cha Wakara: urithi au mzigo?

Ukimuuliza mtu wa Mwanza ataje kitu cha kwenda kuona Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria wilayani Ukerewe, atakutajia lile jiwe la Nyaburebeka, ambalo wenyeji husema hucheza likiombwa. Mgeni anavuka kwa kivuko kutoka Bugolora mpaka Bwisya, anapanda bodaboda, anafikishwa kwenye jiwe, anapiga picha, anageuza. Njiani amepita katikati ya vishamba vidogo vilivyoshikiliwa na kuta za mawe, miti yenye mwenyewe iliyopunguzwa matawi kwa ajili ya mifugo, na majani ya ng'ombe yaliyopandwa kwenye mabonde yaliyochimbwa kandokando ya maji. Hakuna aliyemwambia asimame. Hayo aliyoyapita ndiyo ninayotaka kuyazungumzia, kwa sababu yanabishaniwa siku hizi na upande mmoja wa ubishi huo hausikilizwi inavyostahili.

Wapo wanaosema kilimo cha asili cha Wakara, cha kulima eneo lile lile kila mwaka kwa samadi, mbolea ya majani na ng'ombe wa kulishwa ndani, kihesabiwe kuwa urithi wa mkoa wetu: kiandikwe, kifundishwe, wageni waonyeshwe, na kisaidiwe kisije kikafa. Wengine wanasema kile kilikuwa kilimo cha dhiki, kimechosha watu vya kutosha, na anayekisifia leo hajawahi kubeba samadi kichwani. Mimi niko na wale wa kwanza. Hata hivyo hoja ya hawa wa pili ni nzito kuliko wenzangu wengi wanavyokubali, na haipendezi kuipuuza.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Udongo wa Ukara kwa sehemu kubwa ni mchanga uliotokana na mawe ya granaiti. Mvua ya ziwani inaupiga, inaosha rutuba, na ukiulima bila kuulisha, misimu michache inatosha kuumaliza. Mkara alijibu kwa kumwingiza ng'ombe ndani ya nyumba. Sehemu ya ng'ombe huchimbwa ikawa chini kuliko sakafu, naye akasimama humo sehemu kubwa ya mwaka akiletewa majani. Anachobakiza kinaangukia miguuni pake, kinachanganyika na kinyesi na mkojo, kinashindiliwa kwa kwato, tabaka juu ya tabaka, na shimo linajaa taratibu mpaka ng'ombe anakaribia kulingana na sakafu. Kabla ya kupanda, linachotwa lote na kubebwa kwa vikapu mpaka shambani. Angalia kilichookolewa hapo. Mkojo wa ng'ombe una naitrojeni nyingi, na katika mazizi yetu ya wazi ya Usukuma unapotelea ardhini, na kinyesi kinakaushwa na jua mpaka kinakuwa nyuzi tupu. Kule hakipotei kitu.

Shambani nako kuna ustadi wake. Uwele ukishapaliliwa, mbegu za mmea wa jamii ya marejea, mikunde inayopandwa kurutubisha udongo, hunyunyizwa katikati yake. Marejea yanaota lakini yanadumaa chini ya kivuli. Uwele ukivunwa, jua linayafikia, yanainuka kwa kasi, na kabla ya msimu mwingine yanafukiwa udongoni. Mizizi yake ina vifundo vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Katika mzunguko wa miaka michache inaingia pia njugu mawe, nayo ya jamii ya mikunde. Wataalamu wanaliita hili kilimo hai na wanaliendeshea semina za siku mbili hotelini Mwanza, wakati upande wa pili wa maji lilikuwa kazi ya kila kaya kabla mkulima yeyote wa huku hajauona mfuko wa mbolea ya kiwandani.

Matokeo yake ndiyo yaliyowavuta watafiti tangu enzi za ukoloni. Kisiwa cha takriban kilomita za mraba 80, chenye milima ya mawe isiyolimika, kilikuwa kikilisha watu zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba katikati ya karne iliyopita. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 Tanzania nzima, sawa na watu wapatao 14 kwa kilomita ya mraba. Sijui kama wengi wetu tumewahi kuziweka namba hizi mbili pamoja tukatulia nazo.

Sasa hoja ya upande wa pili, na nianze na ile iliyo kali kuliko zote. Wakara waliohama kisiwani kwenda bara, walipokuta ardhi ya kutosha, waliacha mengi ya haya. Waliacha kubeba samadi, wakafungulia ng'ombe wakachunge, wakalima na kuhama kama majirani zao. Wakoloni walioamini kwamba Mkara akihamishiwa bara atakuwa mwalimu wa majirani zake walibaki wameduwaa. Anayepinga urithi anauliza swali halali kabisa: ikiwa wenyewe waliutupa siku ya kwanza walipopata nafasi, mnataka kumhifadhia nani?

Linafuata suala la kazi. Kukata majani, kuyabeba, kuchota zizi, kupeleka samadi shambani kwa kichwa, kufukia marejea kwa jembe la mkono, yote haya hayana likizo, na kwa desturi ya kwetu tunajua mabega ya nani yanabeba zaidi. Mama wa Ukara ambaye binti yake amepata duka Nansio au kazi ya kiwandani Mwanza hana sababu ya kulilia kikapu cha samadi. Halafu kuna ziwa. Sangara walipopata soko la nje na viwanda vya samaki vikasimama Mwanza katika miaka ya 1990, nguvu ya vijana ilihamia kwenye mitumbwi na kambi za wavuvi, na dagaa nao wakachukua wengine. Muhogo ukachukua sehemu kubwa ya nafasi ya uwele, kwa sababu unavumilia udongo uliochoka na hauhitaji kuamiwa ndege. Hakuna aliyewalazimisha. Walipiga hesabu zao.

Nakubali yote hayo kama ukweli, ila hitimisho lake silikubali. Kwamba maarifa yalizaliwa na dhiki hakuyapunguzii thamani. Mtu mwenye ekari 30 hana sababu ya kujua namna ya kuishi kwa nusu ekari, na Mkara aliyefika bara akaacha samadi alionyesha akili ile ile aliyoionyesha kisiwani: alitumia jasho lake pale lilipolipa. Swali la maana ni kama bara ile aliyoikimbilia bado ipo.

Hapo ndipo namba zinaninyima usingizi. Sensa ya 2012 ilikuta Mkoa wa Mwanza una watu 2,772,509. Ya 2022 ikakuta 3,699,872. Nchi kavu ya mkoa huu ni kama kilomita za mraba 9,467, maana sehemu kubwa ya mipaka yetu imo majini. Gawanya: mwaka 2012 tulikuwa watu 293 kwa kilomita ya mraba, mwaka 2022 tukawa karibu 391. Ndani ya miaka kumi kila kilomita ya mraba imeongezewa watu karibu mia moja, na kilomita zenyewe ni zile zile. Mtu ataniambia nimechanganya na jiji, na ni haki yake kusema hivyo. Basi tuiondoe Ilemela na Nyamagana, wilaya mbili zenye watu takriban milioni 1.1 kwa pamoja. Kinachobaki, yaani Misungwi, Kwimba, Magu, Sengerema na Ukerewe, bado kina watu zaidi ya 280 kwa kilomita ya mraba. Vijiji vyetu vya bara vimeshapita pale Ukara ilipokuwa wakati watafiti wanakuja kuishangaa. Tumefika kwenye msongamano wa Ukara bila kubeba ujuzi wa Ukara. Tunalima mchanga ule ule wa granaiti, tumeshaacha kupumzisha mashamba kwa sababu hakuna pa kuhamia, na ng'ombe wetu bado wanazungushwa kutafuta malisho kwenye mapito yanayozidi kuwa membamba, wakigombanisha wafugaji na wakulima kila kiangazi.

Nikisema hivi najibiwa kwa neno moja: mbolea. Siipingi mbolea ya kiwandani, na ruzuku iliyorudishwa msimu wa 2022/23, baada ya bei kupanda ghafla, iliwasaidia watu wengi. Lakini udongo wa mchanga usio na mboji hauishiki mbolea hiyo. Mvua moja kubwa inaishusha ziwani, na kule inakwenda kulisha magugu maji tunayohangaika nayo kila mwaka. Samadi na marejea ndivyo vinavyoupa mchanga uwezo wa kushika maji na chakula cha mmea, kwa hiyo hata anayeamini katika mfuko wa dukani anahitaji kitu ambacho Mkara alikuwa nacho.

Kuna hofu moja ya wapinzani ambayo naiunga mkono bila masharti: ya kulazimisha. Kanda hii ina kumbukumbu chungu. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza 1947 uliamrisha matuta, samadi na kupunguza mifugo kwa sheria na faini. Mengi ya yaliyoamriwa yalikuwa na mantiki shambani, lakini yalipoletwa kwa kiboko cha serikali watu waliyachukia, na chuki hiyo ilichangia ghasia za Geita za 1958. Ikija siku mtu akapendekeza sheria ndogo ya halmashauri ya kumtoza faini mkulima wa Ukara aliyeacha marejea, nitakuwa wa kwanza kuipinga. Kuita kitu urithi hakumpi ofisa yeyote haki ya kumfunga mtu kwenye jembe.

Kinachowezekana ni kingine, na mifano ipo nchini. Kihamba cha Wachaga cha Shimbwe Juu, kule Kilimanjaro, yaani shamba la nyumbani la migomba, kahawa na miti, kiliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu duniani. Kihamba nacho kilizaliwa na ufinyu wa ardhi, na vijana wake nao wanakimbilia mjini. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo hakistahili. Ngoro za Wamatengo wa Mbinga, yale mashimo na matuta ya kuzuia mmomonyoko milimani, zinafahamika hata kwa watoto wa shule. Mkara wa marejea na zizi la ndani bado hajapata hata bango gatini Bwisya.

Na kama ni wageni, waje. Ila mpango wa sasa unaolipa penye jiwe peke yake unamfundisha kijana wa Ukara kwamba cha thamani kisiwani kwao ni kile kinachoshangaza, na kwamba shamba la bibi yake ni la kupitwa tu. Mwongoza wageni anayeweza kueleza kwa nini ule mti umekatwa vile, nani anaumiliki na majani yake yanakwenda wapi, anauza nusu siku nzima badala ya dakika kumi. Fedha hiyo impate mwenye shamba aliyesimamishwa na wageni, tena kabla ya halmashauri kuigusa, kwa sababu ndiye aliyefanya kazi inayotazamwa.

Wa kuanza nao, kwa maoni yangu, ni watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru. Wako Misungwi, ndani ya mkoa huu huu, wanaifahamu michanga hii, na kwa miongo mingi kituo chao kimefanya kazi juu ya pamba na muhogo. Waende Ukara wakae na wazee ambao bado wanakumbuka mzunguko mzima wa uwele, marejea na njugu mawe. Wapime ni sehemu ipi inalipa jasho lake leo na ipi haifai tena, maana zipo zisizofaa: kubeba samadi kwa kichwa mahali toroli inapoweza kupita hakuna sababu ya kukuhifadhi. Mbegu ile ya marejea ya kisiwani ikusanywe ingali inapatikana, ipandwe kwenye mashamba ya majaribio Kwimba na Magu, na wakulima wa huko waamue wenyewe wakiiona imeota.