Kifaransa cha mpwa wangu Ottawa, na sufuria ya maharage Uyole

Mdogo wangu wa kike yuko Ottawa na mumewe, wote watoto wa Tukuyu. Binti yao anakaribia kuanza shule, sasa katuma voisi ndeefu kwenye grupu la familia anauliza ampeleke shule ya kawaida ya Kiingereza au zile wanaita imasheni, yaani mtoto anazamishwa kwenye Kifaransa, masomo mengi kwa Kifaransa, hata kama nyumbani hamna anayekijua. Ni za serikali, ada hakuna. Grupu zima likajibu mpeleke!! Mi nikasema ngojeni kwanza.

Sio kwamba haifanyi kazi. Ilianza 1965 kule St. Lambert, jirani na Montréal, wazazi wanaoongea Kiingereza wenyewe ndo waliikomalia, na wale watoto walifuatiliwa: kusoma na kuandika Kiingereza waliyumba kidogo mwanzoni halafu wakawafikia wenzao. Kifaransa wanakielewa vizuri sana, ila kwenye kukiongea hawafiki kama mzawa. Na Ottawa kazi nyingi za serikali zinataka lugha zote mbili, hapo sina ubishi.

Ila wale watoto nyumbani Kiingereza, mtaani Kiingereza, TV Kiingereza, kingepotelea wapi? Binti yetu ana Kiswahili cha ndani tu, kwa watu wawili wanaorudi kazini wamechoka.

Halafu sisi Mbeya mbona imasheni tunaifanya kila siku, tunaiita inglishi midiamu. Wangu yuko la tatu, juzi kanisomea ukurasa mzima wa habari za mvua hajakwama hata neno moja, nikamuuliza ivaporesheni ndo nini, akasema "ticha hajatuambia". Nikamvuta jikoni kwenye sufuria ya maharage, nikafunua mfuniko akaona ule mvuke unavyopanda, akacheka, kumbe ndo hiyo! Sasa mi Kiingereza nakijua, nimeweza kumvusha. Mdogo wangu na shemeji Kifaransa chao kinaishia bonjour, homuweki ikija nani atafunua sufuria? Kweli hata wazazi wengi wa huko hawakijui na mfumo ulitengenezwa kwa ajili yao, lakini mtoto akianza kukwama kwenye kusoma wao watachelewa kushtuka.

Nilikuwa upande wa kukataa mpaka Jumapili, mama kapiga video kolu, kamsalimia mjukuu kwa Kinyakyusa "ugonile", mtoto akajibu "hi Bibi" akarudi kwenye katuni zake. Na hapo Kifaransa hata hajakianza. Kumbe mwizi wa Kiswahili chake si Kifaransa tunachokiogopa, ni Kiingereza, kashaingia ndani na kavua viatu.

Kwa hiyo nimemwandikia ampeleke tu, ila humo ndani kwao iwe Kiswahili mwanzo mwisho, kutafuta chumvi Kiswahili, kugombezwa Kiswahili, na mtoto akionekana kuhangaika na kusoma wamhamishe bila aibu.

Kajibu "noted".