Desemba hii Moshi njooni mikono mitupu, mtapokelewa tu

Jamani Desemba imeingia na Moshi mjini hapapitiki. Soko la Memorial watu wanagombania beli la mitumba likifunguliwa, madukani kila mlango una tangazo la ofa ya sikukuu, na kwenye simu ndo usiseme, ukifungua Instagram unaambiwa mzigo mpya umeingia njoo DM. Hata ile Black Friday ya Wamarekani, ambayo kwao ni Ijumaa baada ya sikukuu yao ya shukrani mwezi Novemba, sasa hivi ipo mpaka kwenye maduka ya viatu huku kwetu, wakati hiyo sikukuu yenyewe hatuna. Mi nasema mwaka huu haya manunuzi ya sikukuu tuyakatae.

Wachaga tunataniwa kwamba Desemba tunaenda kuhesabiwa, yaani kila mtu anarudi kwao Kilimanjaro, na mi huo utaratibu naupenda sana, kumuona bibi, kuchinja pamoja, kisusio, mtori, mbege. Kinachoniuma ni safari kugeuka maonyesho. Mtu amepanga chumba kimoja Dar lakini lazima aingie Marangu na gari la kukodi, na mabegi, na kila ndugu apate kitu. Hela ya kikoba aliyoweka mwaka mzima inaisha wiki mbili, ikiisha anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, anaacha kadi ya benki kwa mkopeshaji, au anakopa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa hazina leseni, na tunajua wengi walivyodhalilishwa na watu wa aina hiyo, meseji za deni zinatumwa mpaka kwa wakwe. Kweli mtu apitie hayo kwa ajili ya kuonekana kijijini siku nne?

Mtaniuliza, na nguo za watoto je? Hapa naomba nieleweke. Zamani mtoto wa Kibosho alikuwa akipata nguo mpya Krismasi pengine ndo hiyo hiyo mpaka Krismasi nyingine, alikuwa anaihitaji kweli na furaha yake ilikuwa ya kweli. Leo mtoto ananunuliwa ya birthday, ya mahafali, ya kipaimara cha binamu, kabati limejaa, ya Krismasi anaivaa misa moja na picha. Siku hizi zimeingia na pijama nyekundu za familia nzima zenye theluji, Moshi hii na jua la Desemba, theluji yetu iko Kibo huko juu!

Na wazee ukikaa nao hawaulizi begi. Mama yangu mdogo anachotaka ni mtu wa kumpeleka akapime presha na wa kumsaidia kusafisha migomba.

Kwetu tumeshakubaliana kwenye grupu la ukoo, tunachanga mbuzi, watu wazima hatupeani zawadi, na mwenye mtoto akinunua kitu basi kiwe cha Januari, madaftari, viatu vyeusi, sweta la shule. Ada shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016, ila sare bado ni ya mzazi, na ile wiki ya kufungua shule kila mtu anakuwa dukani. Shemeji mmoja alipinga, eti watoto watajisikia wanyonge. Tukamwambia watakuwa na nyama, soda na binamu zao wote uani, akanyamaza, jana katuma mchango wake wa mbuzi. Na nyie kama mna grupu la ukoo liongeleeni hili wiki hii, kabla watu hawajaanza kununua.